Kujenga nyumba ya ndoto kwenye udongo wa Wamaya: sheria, maji, na heshima kwa wenyeji

Kila mwaka kuko watu wa Marekani, wa Kanada na wa Ulaya wanaouza nyumba zao, wanafunga mizigo na kuhamia kusini mwa Meksiko, Guatemala ao Belize. Wanatafuta jua, maisha ya bei nafuu, na kiwanja cha kujenga nyumba waliyoiota tangu ujana wao. Lakini mahali wanapofikia si pori tupu. Ni inchi ya Wamaya, watu waliokuwa wakilima mahindi na kujenga miji ya mawe pale karne nyingi mbele Wahispania hawajafika.

Juu ya nini tunaandika habari hii kwa wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika? Sababu ya kwanza: hapa kwetu hakuna familia isiyojua matatizo ya udongo. Mtu ananunua parsele, ana karatasi mkononi, kisha anatokea mwingine na karatasi yake, ao wazee wanasema udongo huo haukuwa wa kuuzwa. Kwa Wamaya ugonjwa ni ule ule, na dawa walizojaribu zinafaa kujulikana. Sababu ya pili: ndugu zetu wengine wanaijua inchi ile kwa miguu. Mwaka 2019 Waafrika wengi, na Wacongomani wakiwemo, walikwama kwa miezi katika mji wa Tapachula, jimbo la Chiapas, wakingoja karatasi za kuendelea na safari. Chiapas ni jimbo la Wamaya. Inchi moja, wageni wa namna mbili: mmoja anangoja karatasi ya kupita, mwingine anangoja karatasi ya kujenga.

Wamaya ni nani?

Watu wengi wakisikia Wamaya wanafikiri ni taifa lililokwisha zamani, likabakia mapiramidi tu. Si kweli. Miji mingi mikubwa ya kusini iliachwa kati ya mwaka 800 na 900 hivi, lakini watu wenyewe hawakupotea. Leo wako mamilioni. Guatemala peke yake, hesabu ya wakaaji ya mwaka 2018 ilionyesha kama karibu watu 42 kwa 100 walijitaja kuwa Wamaya. Inchi hiyo inatambua lugha 22 za Kimaya. Upande wa Meksiko, kwenye rasi ya Yucatán, watu zaidi ya 770,000 wanasema Kimaya cha Yucatán. Kusini mwa Belize kuko Waq'eqchi' na Wamopan.

Historia yao ina vidonda. Mji wa Mérida, ambako wageni wengi wananunua nyumba leo, ulianzishwa na Wahispania mwaka 1542 juu ya mji wa Wamaya ulioitwa T'Hó. Mawe ya mahekalu yalibomolewa yakajenga makanisa na nyumba za wakubwa. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, padri Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya. Mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán walisimama kupigana, na sababu moja kubwa ilikuwa udongo wao kunyanganywa na mashamba makubwa. Vita hiyo iliendelea zaidi ya miaka 50. Na Guatemala, vita ya ndani iliyokwisha kwa mapatano ya mwaka 1996 iliua ao kupoteza watu zaidi ya 200,000. Tume ya ukweli ilisema mwaka 1999 kama katika wale waliotambuliwa, 83 kwa 100 walikuwa Wamaya.

Kwa hiyo mgeni anapofika na dola zake na kusema anataka "kipande kidogo tu cha udongo," mwenyeji anasikia neno ambalo babu yake aliisha kulisikia.

Meksiko: mgeni anaweza kuwa na udongo?

Jibu ni ndiyo, lakini si kila mahali kwa namna moja. Katiba ya Meksiko ya mwaka 1917, kifungu cha 27, inasema kama mgeni hawezi kuwa mwenye udongo moja kwa moja katika kilometa 100 kutoka mipaka ya inchi na kilometa 50 kutoka bahari. Sehemu hii inaitwa eneo lenye mipaka. Pwani yote ya Cancún na Tulum iko ndani yake. Mérida iko karibu kilometa 35 tu kutoka bahari, basi nayo iko ndani.

Namna gani basi wageni wanajenga pale? Wanapitia banki. Njia hiyo inaitwa fideicomiso, na sheria ya mwaka 1993 ndiyo inaipanga leo. Banki ya Meksiko inaandikwa kuwa mwenye udongo kwenye karatasi, na mgeni anaandikwa kuwa mwenye faida. Anaweza kukaa, kujenga, kupangisha, kuuza, na kuachia watoto wake. Mkataba ni wa miaka 50, na unaweza kufanywa upya. Ruhusa inatoka kwa wizara ya mambo ya inchi za nje. Banki nayo inaomba malipo kila mwaka, na mtu akisahau kuhesabu malipo hayo, nyumba ya bei nafuu inaanza kuwa ghali.

Kuko tena sharti moja: mgeni anakubali kwamba kwa mambo ya udongo huo atahesabiwa kama Mumeksiko, na hatakimbilia serikali ya kwao kuomba imulinde. Akifanya hivyo, anapoteza mali yenyewe.

Msomaji wa Congo hapa anaweza kulinganisha. Kwetu, sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali, hauuzwi. Mtu anapewa haki ya kuutumia. Haki isiyo na mwisho ni ya Mucongomani. Mgeni anapata ile ya miaka, isiyozidi 25, nayo inaweza kufanywa upya. Inchi hizi mbili hazifanani, lakini wazo ni moja: mgeni akaribishwe, ila asiwe mwenye inchi.

Mtego wa ejido

Pesa nyingi za wageni zinapotea hapa. Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, serikali ya Meksiko ilirudishia vijiji udongo mwingi uliokuwa wa mabwana wakubwa. Udongo huo wa kijiji unaitwa ejido. Ni wa jamii: kila mwanachama ana sehemu yake ya kulima, lakini maamuzi makubwa yanafanywa na mkutano wa wote. Kwa miaka mingi haukuweza kuuzwa hata kidogo. Mwaka 1992 kifungu cha 27 kikabadilishwa, na tangu siku ile mkutano unaweza kukubali sehemu zigeuzwe kuwa mali ya mtu binafsi, kisha ziandikwe kwenye rejista ya taifa.

Sasa angalia vile mtego unafanya kazi. Mgeni anakutana na mtu mwenye roho nzuri, anaonyeshwa kiwanja karibu na ziwa la maji safi, bei iko chini sana. Wanaandikiana karatasi, mashahidi wanatia sahihi, pesa inatoka mfukoni. Lakini kama kiwanja kile kingali ejido, karatasi ile haimpi mgeni umwenye. Aliyeuza alikuwa na haki ya kulima tu. Mwaka wa tatu, nyumba ikiisha kusimama, mkutano wa kijiji unaweza kusema: sisi hatukuuza. Na hata pale sehemu imegeuzwa kwa sheria, jamaa ya muuzaji wana haki ya kununua wa kwanza, kama hawakupewa nafasi hiyo, mauzo yanaweza kuvunjwa.

Ndiyo maana kuko mtu asiyekosekana: notere wa serikali. Huko Meksiko notere si mtu wa kugonga kashe tu. Ni mwanasheria anayechaguliwa na jimbo, na ndiye anachunguza historia ya kiwanja, madeni, na jina lililo kwenye rejista. Kununua bila yeye ni kama kuvuka ziwa Kivu usiku bila kuangalia kama mtumbwi una tundu.

Guatemala na Belize

Guatemala ina sheria yake. Katiba inawekea serikali kilometa 3 kutoka bahari, meta 200 kuzunguka maziwa, na meta 100 kila upande wa mito inayopita mashua. Ndani ya sehemu hizo, kwa kawaida mtu anapanga kwa serikali, hanunui. Inabakia tu viwanja vya mijini na vile vilivyoandikwa kwenye rejista mbele ya mwezi wa 3 mwaka 1956, na hata hapo mgeni anahitaji ruhusa.

Wageni wengi wanapenda ziwa Atitlán, lililozungukwa na volkano tatu, pamoja na vijiji vya Watz'utujil, Wakaqchikel na Wak'iche'. Mtu wa Goma akiliona ataona kama anafahamu: maji ya bluu, mlima wa moto nyuma, mashamba kwenye mteremko. Lakini ziwa hilo halina mto unaoonekana ukitoka. Maji yanapanda na kushuka kwa miaka na miaka. Wenyeji wanajua, ndiyo maana nyumba za wazee ziko juu. Wageni walijenga chini, karibu na maji, na baada ya mvua za kimbunga Agatha mwaka 2010 nyumba nyingi na bustani za ufuo zilimezwa. Mwaka 2005, mvua za kimbunga Stan ziliporomosha matope juu ya kijiji cha Panabaj, na mamia ya Watz'utujil walikufa. Sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo tunaelewa bila kufafanuliwa: mahali pazuri kwa macho si lazima pawe pazuri kwa msingi wa nyumba.

Belize, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya serikali, mgeni anaweza kununua kwa jina lake mwenyewe. Lakini upande wa kusini, wilaya ya Toledo, kuko jambo la kujua. Wamaya wa vijiji 38 walipeleka serikali mbele ya majaji kwa miaka mingi, wakidai kama udongo wa desturi ni mali kamili hata bila karatasi ya kadastre. Mwaka 2015, Mahakama ya Haki ya Karibiani, iliyo ya juu kabisa kwa Belize, iliwapa haki. Mwenye kununua pale bila kuuliza kijiji ananunua kesi. Huku kwetu, ambako mashamba mengi yanasimama juu ya neno la mababu bila karatasi yoyote, uamuzi ule ni wa kukumbuka.

Nyumba yenyewe inajengwa namna gani?

Wageni wengi wanafika na picha ya nyumba ya zege na vioo vikubwa. Jua la Yucatán linaigeuza kuwa tanuru, kisha wanalipa moto wa umeme usiku na mchana kwa mashine za baridi.

Nyumba ya Wamaya wa Yucatán imesimama karne nyingi kwa akili nyingine. Pembe zake mbili za mwisho ni za duara, hivi upepo mkali unateleza pembeni. Kuta ni za miti iliyopangwa wima, mara nyingine inapakwa udongo mwekundu, ao za mawe. Paa ni refu, la majani ya mtende, na moto wa jua unabakia juu. Kuko milango miwili inayotazamana, ya mbele na ya nyuma, upepo unaingia huku na kutokea kule. Watu wanalala kwenye machela yanayoning'inia, si kitandani. Jiko liko kando, na ndani yake utakuta mawe matatu ya kutegesha chungu. Ndiyo, mafiga yale yale ya mama zetu. Nyuma ya nyumba kuko uwanja wa miti ya matunda, kuku, na dawa za majani. Kwa Mmaya, uwanja huo ni sehemu ya nyumba.

Mtu asidhani ni mambo ya maskini tu. Mafundi wanaojua kusuka paa la mtende wanapungua, na jani zuri halipatikani kirahisi. Tena vijana wengi wa vijijini wanapendelea matofali ya sima kwa sababu programu za msaada baada ya vimbunga ziliwajengea vile, na kwa sababu nyumba ya majani imewekewa haya. Leo unaweza kukuta mgeni tajiri amekaa chini ya paa la mtende, na fundi aliyemjengea analala chini ya paa la zege lenye moto.

Udongo wa pale nao ni mgumu. Kaskazini mwa Yucatán ni jiwe la chokaa, na juu yake udongo wa kulima ni mwembamba sana. Kuchimba msingi ni kuvunja jiwe, kama vile Goma mtu anavunja mawe ya volkano ndipo apate choo. Hakuna mito juu ya ardhi. Maji yote yanapita chini, kwenye mapango. Pale dari la pango limeanguka, kunabakia shimo la maji safi linaloitwa cenote, jina lililotoka kwa Kimaya. Zamani visima hivi vilikuwa uhai wa mji na mahali pa ibada.

Hapa kuko hatari isiyoonekana. Jiwe la chokaa linapitisha maji kama chujio lenye matundu. Choo kibaya cha nyumba moja kinaingia kwenye maji ya kijiji kizima. Katika kijiji cha Homún, Wamaya waliona ufugaji mkubwa wa nguruwe ukifunguliwa karibu na visima vyao, wakaenda kwa majaji, na watoto wa kijiji wakawa upande wa washitaki. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Meksiko ilikubali kazi ile ibaki imesimamishwa. Mgeni mwenye nyumba moja si mfugaji wa maelfu ya nguruwe, lakini nyumba mia moja zenye vyoo vibaya zinafanya madhara yanayokaribia.

Kuko tena mawe ya kale. Ukichimba msingi na kukuta ukuta ao chungu cha mababu, sheria ya mwaka 1972 inasema ni mali ya taifa, hata kama kiko ndani ya kiwanja chako. Kazi inasimama, na taasisi ya taifa ya mambo ya kale inaitwa. Kuficha ni kosa la kufungwa.

Kuomba ruhusa kwa udongo

Wamaya wengi wa Yucatán, hata walio Wakatoliki, mbele ya kujenga ao wakati wa kuingia nyumba mpya wanafanya ibada inayoitwa jets' lu'um, maana yake kutuliza udongo. Mzee anayejua maombi, j-meen, anakuja. Wanatoa kinywaji cha mahindi na kuku, wanaomba walinzi wa mahali wakubali familia mpya. Katika imani yao udongo una wenyewe wasioonekana. Mtu anapewa nafasi ya kukaa tu.

Wageni wengine wanacheka. Wengine wanalipia ibada ili wapige picha. Lakini wako wanaoelewa kitu cha maana: siku ile majirani wote wanakuja, wanakula pamoja, wanajua jina la mgeni na sura ya watoto wake. Karatasi ya notere inakupa haki mbele ya serikali. Chakula cha siku ile kinakupa majirani. Mafundi wa kijiji wenyewe mara nyingi hawataki kuanza kazi bila ibada, na mtu mwenye busara hawalazimishi.

Na kijiji kinabaki na nini?

Tusifiche: wageni wanaleta kazi. Fundi, mlinzi, mpishi, mwenye duka, wote wanapata. Lakini bei ya udongo inapanda. Cancún ilikuwa pwani yenye wavuvi wachache mbele serikali haijaanza kuijenga miaka ya 1970. Leo ni mji mkubwa, na Wamaya wengi wanakaa kwenye mitaa ya nyuma, wanaingia hotelini kwa mlango wa wafanyakazi. Tulum imefuata njia hiyo. Reli mpya ya Tren Maya, yenye kilometa karibu 1,500, ilianza kubeba watu mwezi wa 12 mwaka 2023, na vijiji vilivyokuwa mbali sasa viko karibu na wanunuzi.

Kijana anayeuza sehemu ya ejido ya baba yake anapata pesa ya pikipiki, simu na karamu. Pesa inaisha. Kisha anarudi kwenye udongo ule ule kama mlinzi wa usiku, anafungulia mgeni lango. Hadithi hii haihitaji kutafsiriwa kwa mtu wa Masisi, wa Kalehe ao wa Djugu.

Mambo ya kukumbuka

Kwa ndugu aliye ngambo, ao anayefikiri kujenga katika inchi ya watu wengine, iwe kwa Wamaya ao kwingine, haya ndiyo ya kushika:

Kwanza, panga nyumba mwaka mzima mbele ya kununua. Uone jua kali, uone mvua, uone mwezi wa 9 wa vimbunga.

Pili, uliza udongo ni wa nani leo na ulikuwa wa nani jana. Uliza rejista, kisha uliza wazee.

Tatu, usitoe pesa kwa karatasi ya mashahidi peke yake. Notere wako awe wako, si wa muuzaji.

Ine, hesabu gharama za kila mwaka, si bei ya kununua tu.

Tano, fuata maji: yanatoka wapi, na uchafu wako utaenda wapi.

Sita, jifunze salamu za lugha ya pale, si Kihispania tu. Kwa Kimaya cha Yucatán watu wanauliza "Bix a beel?", ni kusema, njia yako inakwenda namna gani?

Saba, fundi wa kijiji anajua upepo wa kwao. Msikilize mbele ya kumuonyesha picha ya simu.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Wamaya jembe hilo ni mkutano wa kijiji, kazi ya pamoja ya kusafisha kisima, na mchango wa sikukuu. Mgeni anayelishika hata akiwa na nyumba ndogo anaitwa jirani. Asiyelishika, hata nyumba yake ikiwa na vyumba kumi, watu wanapita mbele ya lango na kusema tu: pale kwa mgeni.